Uaminifu wa Mwizi

Huko Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, kuna vibanda vya video ambamo vijana huingia jioni wakiwa na chapati mkononi. Filamu huwa ya Marekani, ya Uchina au ya Meksiko, lakini sauti inayosikika ni ya mtafsiri wa Kampala, yule anayeitwa VJ, anayewaeleza watazamaji kwa Kiganda na kuongeza maneno yake mwenyewe. Jioni moja, nikiwa mwaka wa pili, nilitazama huko filamu kuhusu genge la walanguzi wa dawa za kulevya wa Meksiko. Katikati ya filamu kijana mmoja wa genge aligunduliwa kwamba amewapelekea polisi habari. Mkubwa wake alimkumbatia, akamwuliza hali ya mama yake, kisha akampiga risasi. Kibanda kizima kilishangilia. Mimi pia nilipiga makofi.

Nilipokuwa nikirudi hosteli nilijiuliza nilikuwa nimeshangilia nini. Kijana yule alitaka mauaji yakome. Aliyemwua alikuwa ameua watu wengi, na kila mtu kibandani alijua hivyo. Hata hivyo tulimwona aliyeuawa kuwa mchafu na aliyeua kuwa mtu wa heshima, kwa sababu moja tu: wa kwanza alisema na wa pili hakusema. Wiki ile mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamaza juu ya jambo fulani, na nitalieleza hapo mbele. Swali la insha hii ni hili: je, uaminifu baina ya wahalifu ni fadhila? Na heshima wanayopewa katika nyimbo na masimulizi, ni heshima kweli?

Nianze na Meksiko, kwa kuwa ndiko sifa hizi zimekuwa sanaa kamili. Kuna huko aina ya nyimbo za masimulizi iitwayo corrido. Ni nyimbo za zamani. Wakati wa mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910 zilieneza habari za vita na za mashujaa kwa watu ambao hawakusoma magazeti. Wimbo hutaja majina, mahali na aghalabu tarehe. Msikilizaji wa Uganda hatashangaa, maana kadongo kamu yetu nayo husimulia kisa kirefu kwa gitaa. Tofauti ni kwamba kadongo kamu mara nyingi hufunga kwa onyo, ilhali corrido nyingi za walanguzi hufunga kwa sifa.

Katika miaka ya 1970 kikundi cha Los Tigres del Norte kilipata umaarufu mkubwa kwa corrido iitwayo Contrabando y traición, yaani magendo na usaliti. Inasimulia juu ya Emilio na Camelia, waliovusha bangi kutoka Tijuana hadi Los Angeles ikiwa imefichwa ndani ya tairi za gari. Wakiisha kulipwa, Emilio anamwambia mwenzake achukue fungu lake, kwani yeye anakwenda kwa mwanamke ampendaye. Camelia anampiga risasi na kutoweka na fedha. Jambo la kuangalia ni kwamba ndani ya kisa hiki bangi si kosa. Polisi wala sheria hawahesabiki. Kosa pekee ni kumwacha mwenzako baada ya kupita naye katika hatari.

Baadaye alitokea mwimbaji Chalino Sánchez wa jimbo la Sinaloa, aliyetunga corrido kwa malipo. Mtu alimletea kisa chake, au cha ndugu yake aliyeuawa, akalipa, naye akaimbwa. Chalino mwenyewe aliuawa Mei 1992 baada ya onyesho mjini Culiacán. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua biashara hii. Katika muziki wa Kinshasa, ambao Kampala imeucheza kwa miaka mingi, tajiri humlipa mwimbaji ili jina lake litajwe katikati ya wimbo, na Wakongo huita jambo hilo kutupa jiwe, yaani libanga. Hakuna anayeuliza tajiri huyo alipata wapi fedha. Basi tayari tuna shaka ya kwanza kuhusu heshima ya nyimbo: inaweza kununuliwa, na anayeiuza hana haja ya kumjua mnunuzi.

Lakini tusiwacheke Wameksiko. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunafundishwa kisa cha mtu aliyeandamwa na mtawala, na kisa hicho nacho kimejengwa juu ya usaliti. Namaanisha Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo alimtia hofu mtawala wa Pate, akawindwa, akaishi mwituni. Watu wa mwituni waliokula naye kikoa walikuwa wamehongwa wamwue. Alipotiwa gerezani, alimwimbia Saada, mjakazi wa nyumbani kwao, wimbo wenye fumbo ili mama yake afiche tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi walikuwa wakijichukulia vyakula vizuri, lakini mkate ule waliudharau. Mwishowe mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mtawala, alimtoa babake siri ya kifo chake, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Binti hakumpata, na akafa akichukiwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kila darasa linaposoma kisa hiki huwa upande wa Liyongo, na nadhani ni sawa. Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo wanafunzi huyapita haraka. La kwanza ni maana ya usaliti wenyewe. Mwana wa Liyongo hakulaaniwa kwa sababu alisema siri tu. Alilaaniwa kwa sababu alichukua siri aliyopewa kwa upendo akaiuza ili apate mke na cheo. Usaliti basi ni kuuza amana ya mwenzako kwa faida yako. Tukiikubali maana hii, kijana wa filamu ya Wandegeya hakuwa msaliti wa aina hiyo, maana hakupata kitu ila risasi. Si kila anayesema ni mwana wa Liyongo.

La pili ni watu wa kisimani. Liyongo alipochomwa alitoka akapiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa katika upinde, akafa katika hali hiyo. Watu walidhani yu hai na amekasirika, wakaogopa kuteka maji, na mji ukapata shida mpaka ukweli ulipojulikana. Mshairi angeweza kuwaacha watu hao nje ya kisa, kwani hawakumpenda wala kumsaliti mtu. Hakuwaacha. Alijua kwamba wakubwa wanapopigana kwa ajili ya heshima, kuna mwanamke mahali fulani amesimama na mtungi mtupu. Katika zile corrido za walanguzi nilizozitaja, mtu wa namna hii hana nafasi. Yuko aliyeuza, aliyenunua, aliyesaliti na aliyelipiza kisasi. Aliyevuta, aliyeibiwa, mama wa aliyepigwa risasi kwa bahati mbaya, hao hawamo.

Sasa tuyaangalie maneno yenyewe, kwa sababu lugha ina maoni yake. Kiswahili hakina neno moja la mtu asiyeiba na jingine la mtu asiyewaacha wenzake. Vyote viwili huitwa uaminifu. Karani anayerudisha chenji yote ni mwaminifu, na mke au mume asiyetoka nje ya ndoa ni mwaminifu. Neno hili limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na amana, imani na amani. Mwaminifu ni mtu ambaye unaweza kumwachia kitu chako ukalala usingizi. Kiganda husema vivyo hivyo: obwesigwa umetokana na okwesiga, kutegemea na kuamini. Kwa hiyo tukisema “mwizi mwaminifu” tunakuwa tumeyaweka pamoja maneno yanayovutana. Kwa mwenzake ni mwaminifu, kwa jirani yake si mwaminifu, na lugha haitupi neno la kuuficha mgawanyiko huo.

Katika neno la pili, lugha zangu hizi mbili hazipatani. Heshima ya Kiswahili imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya haya na staha. Mwenye heshima ni mtu anayejizuia. Kwa Kiganda heshima ni ekitiibwa, na ndani yake kuna kitenzi okutya, kuogopa: mwenye ekitiibwa ni yule anayeogopwa. Sisemi kwamba Waganda hawana staha, maana wanaotupigia magoti kutusalimu wanatushinda wote. Nasema kwamba maneno haya yanatuonyesha njia mbili za kumtambua mtu mkubwa. Katika njia ya kwanza unatazama anachojinyima. Katika ya pili unatazama nani anatetemeka mbele yake. Heshima ya genge ni ya njia ya pili peke yake, na ndiyo sababu haina budi kuonyeshwa upya kila siku. Siku watu wasipoogopa, imekwisha.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuniambia kwamba nimeufanya mjadala kuwa rahisi mno. Ataniuliza: na pale ambapo serikali yenyewe ndiyo jambazi? Swali hili ni zito, na Uganda ina jibu lake.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, akawapa siku 90 kuondoka. Maduka na viwanda vikaingia mikononi mwa wanajeshi na watu wao, na baada ya muda sukari, chumvi na sabuni vikaadimika. Ndipo magendo yalipokuwa maisha ya kila siku, na waliotajirika wakaitwa mafuta mingi. Wakulima wa kahawa walilipwa kidogo na serikali, kwa hiyo kahawa ikavushwa usiku kwenda Kenya. Mwaka 1976, bei ya dunia ilipopanda, soko la Chepkube karibu na Mlima Elgon lilijaa kahawa ya Uganda. Amin aliunda mahakama za kijeshi za makosa ya uchumi, na adhabu iliweza kuwa kifo. Katika miaka hiyo vijana wa Kampala waliokuwa wakiishi kwa ujanja wa mjini, wale walioitwa bayaaye, walijitengenezea lugha yao, Luyaaye, wakichanganya Kiganda, Kiswahili na Kiingereza ili mgeni asielewe.

Bibi yangu aliishi karibu na mpaka wa Busia. Kaka yake alikuwa akibeba kahawa kuvuka mpaka pamoja na wenzake watatu. Usiku mmoja alikamatwa na askari peke yake. Walimpiga siku nyingi wakitaka majina, hakuyataja. Alirudi nyumbani akiwa anachechemea, na alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Nilimwuliza bibi kama wale wanne walikuwa wamekula kiapo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. “Kiapo cha nini, mjukuu wangu? Alijua tu kwamba tuna watoto.”

Sheria ya siku hizo ingemwita kaka wa bibi mhalifu. Alikuwa mfanya magendo, na alinyamaza kama wanavyonyamaza watu wa corrido. Lakini siwezi kumwita mwizi, na ukimya wake ni jambo bora kuliko yote ninayoyajua katika ukoo wetu. Kama ningesema kwamba kila ukimya mbele ya polisi ni uovu, ningekuwa nimemtukana. Kwa hiyo kanuni ya “sema ukweli daima kwa wenye mamlaka” haifai. Kanuni ya “usimtaje mwenzako kamwe” nayo haifai, maana hiyo ndiyo iliyotufanya tushangilie Wandegeya. Tunahitaji kipimo kingine.

Mimi napendekeza tuulize ukimya unamkinga nani na unamwacha nani wazi. Kaka wa bibi aliwakinga wanyonge dhidi ya wenye bunduki. Nje ya ukimya wake hapakuwa na mtu aliyeumia ila yeye mwenyewe. Gharama aliibeba kwa mguu wake. Genge hufanya kinyume: linamkinga mwenye nguvu, na gharama hubebwa na mtu ambaye hakuulizwa. Tena katika genge mtu hana ruhusa ya kuondoka. Mwenye bunduki mgongoni pake anaweza kuwa mtiifu, lakini uaminifu ni jambo la hiari. Wale wanne wa Busia yeyote angeweza kuacha kazi ile kesho yake, na hakuna ambaye angemfuata.

Sasa nieleze jambo langu. Wiki ile ya filamu, katika hosteli niliyokuwa nikiishi, kompyuta ya msichana mmoja ilikuwa imeibwa, na ndani yake kulikuwa na utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Mimi nilijua aliyeichukua. Alikuwa rafiki yangu kutoka wilaya yetu, na mwaka uliotangulia ndiye aliyenikopesha fedha nikamalizia ada ili nisifukuzwe kwenye mtihani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huyu alinifaa. Nilipoulizwa kama nimeona kitu, nilisema sikuona. Vijana wa ghorofa yetu walijua kwamba najua. Walinipa heshima ambayo sikuwahi kuipata darasani. Walisema mimi ni mtu, siuzi wenzangu.

Siku ya tatu mlinzi wa lango alifukuzwa kazi. Alikuwa mzee, tulimwita afande, na usiku ule alikuwa zamu. Wenye hosteli walisema kama hakuiba basi alilala, na mshahara wake wa mwezi haukutolewa. Alipita mbele yetu na mfuko wake wa plastiki, akatuaga kwa adabu, mmoja mmoja. Aliponifikia aliniambia, “Soma sana, mwanangu.” Yeye ndiye mtu wa kisimani wa kisa chetu.

Nilikaa siku kumi zaidi kabla ya kumwendea rafiki yangu. Nilimwambia arudishe kompyuta, la sivyo nitasema, na nitasema mbele yake. Hakunipiga wala kunitukana. Aliuliza tu, “Na zile pesa za ada, nilikukopesha nikiwa mwizi au nikiwa ndugu yako?” Sikuwa na jibu siku ile. Kompyuta ilikutwa asubuhi mlangoni pa ofisi, bila jina. Rafiki yangu hakunisemesha tena, na deni lake nililipa kupitia mtu mwingine. Mlinzi hakurudishwa. Nilikwenda Bwaise kumtafuta mahali nilipoambiwa anapanga, nikakuta amehama.

Leo nadhani ninalo jibu la swali la rafiki yangu. Alinikopesha akiwa ndugu yangu, na mkopo ule ulikuwa wema halisi. Sioni haja ya kusema kwamba mwizi hana wema ndani yake. Watu wanaosikiliza corrido hawapumbazwi na kitu kisichokuwapo. Wanasikia habari za mtu asiyekimbia mwenzake anapoanguka, na katika mji ambapo wengi hukimbia, hilo linagusa moyo. Kijana asiyesifiwa na mwalimu, mwajiri wala mzazi atapokea sifa kutoka kwa yeyote anayempa. Anayetaka kupiga marufuku nyimbo hizo bila kuuliza kwa nini zinapendwa anapoteza muda wake. Lakini deni langu lilikuwa langu, na nilikuwa nikililipa kwa mshahara wa mtu mwingine. Nilichukua wema wa rafiki yangu nikamtumia bili yule mzee wa langoni. Hapo ndipo uaminifu wangu ulipoacha kuwa fadhila, hata kama ghorofa nzima iliuita hivyo.

Wapo watakaosema kwamba kipimo hiki kinamwachia mtu mzigo mkubwa, kwani kila mara atalazimika kufikiri nani anaumia nje ya duara la marafiki zake. Ni kweli, na kuna nyakati atakosea. Wapo pia watakaosema kwamba polisi wetu si malaika, na kumtaja kijana kwao ni kumtupa mahali ambapo atapata adhabu kubwa kuliko kosa. Nalikubali hili pia, na ndiyo sababu nilimwendea rafiki yangu kwanza. Kati ya kunyamaza na kukimbilia kituoni kuna njia nyingi: kumkabili mwenzako, kumtaka arudishe, kusimama naye anapokiri. Rafiki anayezijaribu njia hizo ni mwaminifu kwa mwenzake na kwa jirani pia. Nilichokosa mimi hakikuwa njia. Nilichelewa siku kumi na tatu kwa sababu sifa za vijana wa ghorofa yetu zilikuwa tamu.

Nimemaliza kuandika insha hii katika lugha ambayo wazee wengi wa Kampala waliijua kwanza kwa sauti ya askari na majambazi waliobisha mlango usiku. Bibi yangu aliniuliza kwa nini nasoma lugha ya watu wale. Nilimjibu kwamba ndani yake mna neno uaminifu, na kwamba bado najifunza maana yake. Kama kuna msomaji anayemfahamu mzee aliyewahi kulinda hosteli huko Kikoni, akafukuzwa kwa ajili ya kompyuta, namwomba amwambie kwamba hakulala usiku ule. Mimi nilikuwa dirishani, nilimwona.